Siku ya kupumzika mazoezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wafanya mazoezi wa Tanga

Majibu haya ni ya watu wanaofanya mazoezi hapa Tanga mjini: wa mchakamchaka wa alfajiri kuelekea Raskazone, wa vyuma, wa mpira wa jioni, na wale waliotumwa na daktari watembee. Mimi ni mwalimu wa mazoezi, si daktari, na palipo na jambo la hospitali nimelisema wazi. Nimeamua kuandika kwa sababu inaniuma kuona watu wenye ari wakiacha mazoezi moja kwa moja baada ya miezi michache. Uvivu hawana. Wengi waliumia kwa kuulazimisha mwili siku ambayo ulipaswa kuachwa.

Kwani ni lazima kupumzika? Mwili si unazoea?

Unazoea, ila unazoea ukiwa umepumzika. Zoezi lenyewe linachosha. Linachanachana nyuzi za misuli kidogo kidogo na kupunguza akiba ya wanga iliyomo kwenye misuli na ini. Matengenezo huja baadaye. Baada ya kunyanyua vyuma, misuli hujenga protini mpya kwa kasi isiyo ya kawaida kwa saa 24 hadi 48. Akiba ya wanga nayo, ukiwa umeimaliza hasa, inataka karibu siku nzima ya kula vizuri ndipo irudi. Mifupa na kano zinakwenda polepole kuliko misuli, na hapo ndipo watu wengi wanapoponzeka: pumzi imeshakua, misuli ina nguvu, lakini mfupa wa ugoko bado haujaimarika kubeba kilomita ulizoziongeza.

Kwenye vikundi vya mazoezi kuna kelele moja tunaipenda: "Zege halilali!" Ni kweli, zege lililochanganywa halilali. Lakini muulize fundi yeyote kinachofuata baada ya kumwaga. Analimwagilia maji siku kadhaa na hakuna anayeruhusiwa kulipandia mzigo, kwa sababu siku hizo za utulivu ndizo linapopata nguvu.

Nipumzike siku ngapi kwa wiki?

Anayeanza: fanya mazoezi siku tatu au nne, na usiziunganishe zote. Aliyezoea mwaka mmoja na zaidi: siku moja kamili ya kupumzika, na siku moja au mbili nyingine za mazoezi mepesi. Wa vyuma asirudie misuli ileile kabla ya siku mbili kupita. Ukifanya kifua Jumatatu, Jumanne fanya miguu, kifua kisubiri mpaka Jumatano au Alhamisi.

Watu hushangaa wakisikia kiwango chenyewe kinachotakiwa kwa afya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Zinabaki siku mbili nzima. Kwa hiyo anayekwambia kwamba ukikosa siku moja umeharibu kila kitu anakutisha bure.

Mbona wakina Simbu wanakimbia kila siku?

Swali hili limeongezeka tangu Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kule Tokyo Septemba 2025, akamaliza kwa saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wakatofautiana hatua ya mwisho tu. Ari ile naifurahia sana. Ila tukumbuke kwamba mwanariadha wa kiwango hicho amejijenga kwa miaka mingi, na kukimbia ndiyo kazi yake. Kwa kawaida wanariadha wa mbio ndefu sehemu kubwa ya kilomita zao huzikimbia polepole, mwendo ambao wanaweza kupiga soga. Mazoezi makali ni siku chache kwa wiki. Wengi hulala tena mchana, na baada ya marathoni kubwa hukaa wiki kadhaa bila mazoezi mazito.

Sisi tunafanya kinyume. Kila siku tunakimbia kwa mwendo uleule wa kushindana, kila mtu hataki kuachwa nyuma, kisha saa mbili asubuhi tupo kazini tumesimama hadi jioni. Ukitaka kuiga mabingwa, anza kuiga polepole yao.

Kocha, mimi ni kuli bandarini. Jumapili nije mazoezini au nilale?

Lala, kaka yangu. Lala bila aibu.

Kuna kosa moja tunalifanya sote tunapopanga mazoezi: tunahesabu saa moja ya asubuhi na kusahau saa nyingine zote. Mwili hauna madaftari mawili, moja la kazi na jingine la mazoezi. Gunia ulilobeba, ndoo uliyojitwisha, samaki uliowapandisha toka ufukweni pale Deep Sea, vyote vinaandikwa pamoja. Mtu aliyebeba mizigo siku sita halafu siku ya saba akakimbia kilomita 15 hana siku ya mapumziko kabisa, na mgongo wake utamwambia.

Hiyo haina maana kwamba mbeba mizigo hahitaji mazoezi. Kazi nzito inachosha sehemu zilezile kila siku na kuziacha nyingine dhaifu, na kwa kuwa inaendelea saa nyingi bila nafasi ya kupumua, haimpi moyo faida ileile ya zoezi fupi lenye mapumziko. Kinachomfaa ni vipindi viwili vifupi kwa wiki, dakika 20 hadi 30, siku ambazo mzigo ulikuwa mwepesi: kuimarisha tumbo na mgongo, kunyoosha nyonga na mapaja, kutembea kwa haraka kidogo.

Nataka kusema jambo hapa kuhusu akina mama, kwa sababu huwa hawaulizi. Mama anayeamka saa kumi na moja kuchota maji, kufua kwa mikono, kutwanga kisamvu, kisha akaja mazoezini jioni, naye hana siku ya kupumzika. Nimewasikia waume wakisema "mke wangu anachoka haraka, hana mazoezi." Dada yule mazoezi anayo mengi kuliko wewe. Kama nyumba nzima inataka mama awe na afya, basi siku moja kwa wiki watoto wakubwa na baba wachukue ndoo na beseni. Bila hivyo, ratiba yoyote nitakayomwandikia ni karatasi tu.

Baiskeli inahesabika?

Tanga kila mtu ana baiskeli, ndiyo maana naulizwa. Inategemea. Kutoka Ngamiani kwenda mjini taratibu, kwenye barabara tambarare, ni mwendo mwepesi unaofaa hata siku ya kupumzika. Unachochea damu bila kuitikisa mifupa, kwa kuwa uzito umebebwa na tandiko. Lakini ukiwa umefunga gunia la mkaa nyuma au unashindana na upepo wa kusi njia ya Pangani, hilo ni zoezi kamili, liandike.

Siku ya kupumzika nifanye nini? Nikae tu?

Kaa kama umechoka sana, umeugua, au hukulala. Siku nyingine, mwendo mwepesi unasaidia kuliko kujilaza kutwa: kutembea ufukweni jua likishapungua, kuogelea polepole, kunyoosha viungo. Kipimo ni rahisi. Ukimaliza uwe na nguvu zaidi ya ulivyoanza. Ukitoka jasho la kulowanisha fulana, umeshatoka kwenye mapumziko.

Na usipunguze chakula. Wapo wanaosema "leo sifanyi kitu, sili." Siku ya kupumzika ndiyo siku ya matengenezo, na fundi anataka vifaa. Kula maharage, kunde, dagaa, samaki, mayai, maziwa, pamoja na wanga wako wa kawaida, iwe muhogo, wali au ugali. Kubwa kuliko yote ni usingizi. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Anayelala saa tano kwa sababu anaamka saa kumi alfajiri kuwahi mchakamchaka, ningependa abaki kitandani siku mbili kati ya hizo. Namaanisha.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi kunapunguza hisia za maumivu na kunatuliza. Kama kuna uvimbe wa ghafla au unashuku mfupa, usiruhusu mtu yeyote akuchue kwa nguvu.

Nitajuaje kama haya ni maumivu ya kawaida au nimeumia?

Maumivu ya kawaida huanza saa 12 hadi 24 baada ya zoezi jipya au zito, yanafika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha yanaisha. Yanakuwa pande zote mbili, misuli yote inauma ukiigusa, na ukitembeatembea yanalegea. Watu husema ni asidi ya laktiki imeganda. Siyo, asidi hiyo huondoka ndani ya saa moja au mbili baada ya zoezi. Kinachouma ni nyuzi zilizochanika kidogo na mwili unaozitengeneza.

Kuumia kuna sura nyingine. Maumivu yako mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, hasa kwenye mfupa wa ugoko au wa unyayo. Yanazidi kila unavyokimbia. Yanakuamsha usiku. Unaanza kuchechemea. Mfupa wa namna hiyo huenda umeanza kupata ufa, na ukiupumzisha mapema mara nyingi unapona kwa wiki sita hadi nane. Ukiupuuza unaweza kuvunjika kabisa. Nenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu wakupime.

Kuna dalili moja isiyongoja kesho: misuli imevimba na kuuma kupita kiasi baada ya mazoezi mazito, na mkojo umegeuka rangi ya kahawia iliyokolea. Misuli inavunjika na mabaki yake yanaziumiza figo. Hilo ni la hospitali saa hiyohiyo.

Mbali na maumivu, mwili una njia ya kimya ya kulalamika. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla hujainuka kitandani, kwa dakika nzima, siku kadhaa, uijue kawaida yako. Ukiona yamepanda kwa mapigo matano hadi kumi asubuhi mbili tatu mfululizo, na usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, hasira ziko karibu, mazoezi uliyoyaweza wiki jana leo yanakushinda, punguza. Kocha anayekwambia uongeze bidii katika hali hiyo hajakusikiliza.

Si nimeze diclofenac niendelee?

Hapana. Dawa hiyo ya maumivu na jamii yake, ibuprofeni ikiwemo, zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo. Ukiongeza jasho la Tanga na maji machache, figo zinabaki pagumu. Zaidi ya hapo, umeinyamazisha sehemu inayokuonya, unaendelea kuiumiza bila kujua. Naomba hili tulichukulie kwa uzito, kwa sababu vidonge hivi vinapitishwa mkono kwa mkono kabla ya mechi kama peremende.

Nina sukari, na daktari amesema nisikose mazoezi. Je, nipumzike?

Shikamoo kwa wazee wangu wanaouliza hili, wapo wengi. Kwenu ninyi mapumziko yanapangwa tofauti na ya kijana wa vyuma.

Misuli ikishafanya kazi, inaendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi zaidi kwa muda wa saa 24 hadi 72. Baada ya hapo faida ile inafifia. Ndiyo maana wataalamu wa kisukari hushauri zisipite siku mbili mfululizo bila mazoezi. Pumzika siku moja, rudi siku inayofuata. Na hata siku ya kupumzika usikae kitako tangu asubuhi mpaka magharibi. Inuka kila nusu saa, zunguka uani, nenda dukani kwa miguu. Kutembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula kunashusha sukari ya mlo ule.

Anayechoma insulini au anayemeza dawa za kushusha sukari kama glibenklamidi awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa sukari inaweza kushuka wakati wa mazoezi au saa kadhaa baadaye, hata usiku. Tembea na kitu kitamu mfukoni, na mwenzako ajue una sukari. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kula kitu hicho papo hapo, usisubiri kufika nyumbani. Kagua miguu yako kila jioni. Kidonda kidogo cha kiatu kwa mwenye sukari ni sababu tosha ya kupumzika kutembea na kwenda kliniki. Siku hizo fanya mazoezi ya mikono ukiwa umekaa.

Wenye presha: ukipima ukiwa umetulia ikasoma 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo hakuna mazoezi, kamwone mtaalamu.

Nikipumzika si nitapoteza pumzi na kunenepa?

Siku moja au mbili haziondoi kitu. Pumzi huanza kupungua kwa kiasi cha kuonekana baada ya siku kumi hadi wiki mbili bila kufanya lolote, nguvu za misuli hukaa karibu wiki tatu kabla hazijaanza kushuka, na zote hurudi haraka kuliko ulivyozipata mara ya kwanza. Kuhusu kunenepa, angalia wiki nzima na sahani yako, usiangalie siku moja.

Ramadhani na funga za sunna?

Mfungaji asilazimishe zoezi kali mchana wa joto bila maji. Wakati mzuri ni mwendo mwepesi saa moja kabla ya futari, ili ukimaliza maji yawe karibu, au zoezi la kawaida baada ya tarawehe ukiwa umekula na kunywa. Punguza uzito na muda kwa mwezi huo. Lengo ni kutopoteza ulichonacho. Usingizi unapungua kwa ajili ya daku, kwa hiyo ongeza siku ya kupumzika. Wanaofunga Jumatatu na Alhamisi mwaka mzima tayari wana siku mbili zilizopangika vizuri, nazo ni za mazoezi mepesi au za kukaa.

Joto la kaskazi linabadilisha chochote?

Linabadilisha sana. Kuanzia Desemba mpaka Machi hewa ya Tanga ina joto na unyevu, jasho halikauki, na mwili unashindwa kujipoza. Moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule, kwa hiyo zoezi la wastani linageuka kuwa kali bila wewe kutaka. Aliyetoka sehemu ya baridi, Lushoto kwa mfano, ajipe siku saba hadi kumi na nne za kuzoea kabla ya kukimbia kwa nguvu. Kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kusisimka: simama, ingia kivulini, jimwagie maji. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mmwagie maji mengi mwili mzima huku mkitafuta gari la hospitali.

Mwanangu anacheza timu tatu. Nimzuie?

Usimzuie kucheza, zuia hesabu. Mtoto anafanya mazoezi na timu ya shule kwa ajili ya UMITASHUMTA au UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari, jioni yupo na timu ya mtaani, Jumamosi na Jumapili anaitwa kwenye kikosi cha chipukizi. Kila kocha anaona anamfundisha siku mbili tu. Hakuna anayejumlisha, isipokuwa mzazi. Awe na siku moja au mbili kwa wiki bila mazoezi ya timu yoyote, na kila mwaka apate miezi ya kuachana na mchezo huo mmoja, acheze mingine. Sehemu za mifupa zinazokua ni laini, na maumivu chini kidogo ya kifuniko cha goti, pakiwa pamevimba, ni dalili inayoonekana sana kwa wachezaji wa umri wa miaka 10 hadi 15. Kijana balehe anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Ndoto ya kucheza Mkwakwani na jezi ya Coastal Union au African Sports ni nzuri. Goti ndilo litakalomfikisha.

Siku zangu zimekatika tangu nianze mazoezi makali. Ni kawaida?

Siyo kawaida, dada, ingawa wengine watakwambia ndiyo. Kwanza hakikisha si ujauzito. Kama siyo, mara nyingi mwili unatumia nguvu nyingi kuliko chakula unachoupa, ukaamua kuzima shughuli za uzazi. Mifupa nayo inadhoofika. Ongeza chakula, punguza mazoezi, na zikifika miezi mitatu bila hedhi nenda hospitali, hata kama unajisikia mzima.

Nimepona malaria juzi. Nianze lini?

Homa ikiwepo, mazoezi hapana, hata mepesi. Maambukizi ya virusi yanaweza kugusa misuli ya moyo, na malaria huacha damu imepungua. Maliza dozi, kaa siku kadhaa bila homa na ukiwa na hamu ya kula, kisha anza kwa kutembea. Rudi kwenye mwendo wako wa zamani taratibu, kwa wiki moja au mbili. Ukihema kupita kiasi au moyo ukienda mbio kwa jambo dogo, wakupime damu. Maumivu ya kifua au kuzimia wakati wa mazoezi ni dharura.

Mvua ya masika imenikosesha siku mbili. Nizifidie Jumamosi?

Zihesabu kuwa za kupumzika, endelea na ratiba ilipofikia. Jumamosi fanya zoezi la Jumamosi.